Uzi wa nyuzi 32: tunavyotunga muziki wa mandolini nne hapa Arusha

Nyuzi 32 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Natanguliza kwamba uzi huu ni mrefu. Jambo lenyewe nimekaa nalo tangu masika, na watu ninaoweza kulizungumza nao ni wale wale watatu ninaokutana nao kila Jumamosi. Nataka masikio mapya.

Sisi ni wanne. Wawili tunapiga mandolini, dada mmoja anapiga mandola, na kaka mmoja aliyezoeleka zaidi kwa gitaa la besi kanisani anapiga mandoselo. Tunakutana saa tisa alasiri sebuleni kwangu, mtaa wa Sakina. Watoto wanahamia kwa jirani, meza inaegeshwa ukutani, viti vinne vinakaa nusu duara. Hatukopi nyimbo za watu. Tunatunga wenyewe kwa ajili ya ala hizi nne tu, bila spika, bila ngoma, bila mwimbaji, bila mtu wa kusimama mbele kutuongoza. Muziki wa namna hii huitwa muziki wa chemba, yaani wa chumbani: wapigaji wachache, kila mmoja na sauti yake peke yake, na ukikosea hakuna wa kukufunika.

Kwa asiyezijua ala hizi. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi jozi, na kila jozi inatoa sauti moja. Kutoka nene kwenda nyembamba ni G, D, A, E, sawasawa na fidla. Mandola ni kubwa kidogo na inashuka hadi C: C, G, D, A. Mandoselo ina majina yale yale ya mandola lakini oktava nzima chini, na shingo yake inakaribia urefu wa shingo ya gitaa. Zote zinapigwa kwa piki, kile kibao kidogo cha kudonolea nyuzi. Mandolini mbili, mandola moja, mandoselo moja: nyuzi 32. Ndilo jina langu hapa, na ndiyo maana mazoezi yetu huanza na robo saa nzima ya kupatanisha nyuzi. Jozi moja ikiachana hata kidogo, kikundi kizima kinasikika kimechoka.

Sasa kiini. Mimi nimelelewa na kwaya. Tangu nikiwa mdogo muziki kwangu ulikuwa sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipoona ala nne nikasema moyoni, hii ni kwaya. Nikakaa wiki mbili nikaandika kipande kama ninavyoandika wimbo wa ibada, Doh ikiwa A fleti, noti ndefu, sauti zinasogea pamoja, mwisho umetulia. Kwenye karatasi kilikuwa kizuri. Nilikuwa nakisikia kichwani kikiimbwa.

Tulipokipiga, kikafa mikononi mwetu. Namaanisha kilikufa kweli. Mwimbaji akishika noti ya mapigo manne, anaweza kuikuza katikati, anaweza kuipunguza, ile noti iko hai hadi aiachie. Uzi wa mandolini ukishadonolewa, safari ni moja tu, kushuka. Juu kabisa kwenye ule wa E noti haifiki mbali hata kidogo. Kwa hiyo kila kodi yangu nzuri, yaani noti kadhaa za kulia pamoja, ilikuwa inagongwa, inazimika, halafu tunakaa kimya tukihesabu mapigo yaliyobaki. Dada wa mandola akasema, "Mwalimu, hapa tunasubiri nini?" Sikuwa na jibu.

Tukajaribu dawa inayojulikana, tremolo, yaani piki kwenda chini na juu haraka sana juu ya noti moja ili isikike ndefu. Mmoja akiifanya, inapendeza kweli, inalia. Wote wanne tukiifanya kwa pamoja, kila mkono una mwendo wake na mikono haikutani, ukawa mzinga wa nyuki. Maneno ya muziki hayakusikika. Na ile A fleti ilitumaliza zaidi: katika ufunguo ule karibu hakuna uzi unaopigwa wazi, kila noti ni ya kubana, kwa hiyo ala zenyewe hazitoi ule mwangwi wao wa tumboni. Tulipohamisha kipande hicho hicho kwenda G, nusu ya uhai ilirudi bila kubadili noti nyingine yoyote.

Nikakiweka kando. Miezi miwili sikuandika kitu.

Kilichonifungua macho ni magitaa ya dansi. Wengi wenu mnajua, au wazee wenu wanajua, kwamba Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga wakaja kupiga hapa hapa mjini mwaka 1970 kwa jina la Arusha Jazz, kabla ya kuvuka kwenda Mombasa na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Nilikuwa nasikiliza rekodi zao usiku mmoja, na kwa mara ya kwanza niliacha kufuata mwimbaji nikafuata magitaa peke yake. Hakuna gitaa linalobeba wimbo mzima. Solo inasema kipande, ridhimu inajaza pengo, besi inajibu, na ule wimbo unaousikia wewe unaungana sikioni mwako. Gitaa nalo noti yake inakufa, lakini kabla haijafa, jirani ameshapokea. Wale walikuwa wameshatatua tatizo langu kabla sijazaliwa.

Kisha nikakumbuka mfongo. Kwa bibi yangu, mlimani, maji ya kumwagilia hupita kwenye mfereji mmoja na kila kaya ina zamu yake. Huyu anafungua, anafunga, wa chini anafungua. Maji hayasimami, yanabadilisha shamba tu. Nikaandika kipande kwa mpango huo.

Nawapa hesabu yake, maana ndiyo zawadi niliyo nayo. Duara lina mapigo madogo 12. Mandolini ya kwanza inapiga la 1, 3, 6, 8 na 11. Mandolini ya pili inapiga la 2, 5, 7, 10 na 12. Hesabuni wenyewe, yanabaki mawili: la 4 na la 9. Hayo ni ya mandola. Hakuna pigo tupu, na hakuna pigo ambalo wawili kati ya hawa watatu wanagongana. Chini yao mandoselo inakanyaga la 1 na la 7 tu, ili duara liwe na miguu miwili. Ukipewa sehemu yako peke yako ukaipige nyumbani, utadhani umepewa makosa. Tukikaa wanne, mstari mmoja unatokea ambao hakuna kati yetu anayeupiga.

Tatizo lilikuwa pigo la 4. Halikusikika. Tulilitafuta wiki nzima. Sisi tulikuwa tumekubaliana mkono wa kulia usisimame, mapigo ya witiri piki inashuka, ya shufwa inapanda, na hiyo inasaidia sana kushika mwendo. Lakini piki ikipanda ni nyepesi kuliko ikishuka, na la 4 ni shufwa. Dada alikuwa anapiga la 9 kwa nguvu na la 4 kwa unyonge bila kujua. Sasa yote mawili anayapiga kwa kushuka, anagusa jozi mbili kwa pamoja na moja kati ya hizo iko wazi. Tukamgeuza kiti pia, ala yake iwatazame wasikilizaji, maana upande wa ukuta sauti ya mandola inamezwa. Siku hiyo ndipo kipande kilipokaa.

Nilichoelewa ni kwamba mandolini hazitaki kuandikiwa kama kwaya, zinataka zamu.

Ninapokwama ni sehemu ya pili, ya polepole. Nimeiandika kwa ajili ya asubuhi za kipupwe, ule ukungu wa Juni unapoushika Meru hadi saa nne. Mwendo wa zamu ukiupunguza kasi unageuka vipande vipande. Tremolo sitaki iwe kila mahali. Nafanyaje muziki wa taratibu kwa ala ambazo hazijui kushikilia?

Na mwenye kujua fundi wa kutengeneza mandoselo huku Kaskazini aniambie. Ya kwetu ni gitaa lililobadilishwa.

Naomba kuwasilisha.

---

Ngarenaro Usiku

Mkuu naweka kambi hapa. Nimechukua kijiko na meza nikagonga yale mapigo na mke wangu pamoja na binti yetu. La 4 na la 9 tumempa binti. Tumeshindwa mara sita, ya saba tumepata. Leta sauti basi.

---

Kipaza

Mleta uzi, heshima kwako, ila naomba nikuulize kwa nia njema. Magitaa yapo. Umekiri mwenyewe kwamba jibu ulilitoa kwenye dansi. Kwa nini usichukue magitaa manne ukaendelea na urithi wetu, badala ya kuhangaika na ala ya Waitaliano ambayo hata nyuzi zake kuzipata ni safari?

---

Nyuzi 32

Kipaza, swali zuri na nimelifikiria sana. Nijibu taratibu.

Magitaa manne ni ndugu pacha wanne. Yote yanaanzia chini pale pale na kuishia juu pale pale, ndiyo maana kwenye bendi tunayatenganisha kwa mashine na spika, huyu anaongezewa wembamba, yule anapunguziwa. Mandolini, mandola na mandoselo ni mtoto, mama na baba. Kila mmoja ana kimo chake tayari, na hatuhitaji umeme. Umeme ukikatika Sakina sisi hatujui hadi tuone giza.

Na zote zimepangwa kwa hatua ile ile, uzi hadi uzi ni noti tano. Umbo la vidole ninalolijua kwenye mandolini ni lile lile kwenye mandoselo, isipokuwa vidole vinatanuka. Hilo "isipokuwa" ni kubwa, watunzi mlizingatie: kwenye mandolini kidole kimoja kinahudumia vyumba viwili vya shingo (nafasi kati ya vyuma vyake) bila jasho, kwenye mandoselo chumba kimoja kidole kimoja, tena kwa kujivuta. Mstari wa mbio unaouona rahisi kwako unaweza kumvunja mwenzako mkono.

Kuhusu Waitaliano: ndiyo, mandolini tunayoijua ilikomaa Napoli katika karne ya 18. Mtunzi Antonio Vivaldi aliiandikia konseto, yaani kipande cha ala kuongoza mbele ya okestra. Mtunzi Beethoven akiwa kijana, mwaka 1796 huko Prague, aliiandikia vipande vya kupigwa na kinanda. Nyuzi za chuma na mvuto mkubwa tulionao leo zinahusishwa na Pasquale Vinaccia, fundi wa Napoli, miaka ya 1830. Na mtu ninayemheshimu kuliko wote hao kwa habari hii ni Carlo Munier, aliyezaliwa Napoli 1858 na kufariki 1911, maana yeye alikataa mandolini ibaki ala ya kubembelezea watalii. Alikaa akaandika muziki wa wanne wa familia hii kwa uzito ule ule wa wale wanaoandikia kundi la fidla nne, yaani fidla mbili, viola na selo. Marekani nako kampuni ya Gibson, iliyoanza 1902 huko Kalamazoo, ilizitengeneza zote, mandola na mandoselo, na miji mingi ikawa na vikundi vyao. Baadaye San Francisco likazaliwa Modern Mandolin Quartet, mwaka 1985, mpangilio wao ni huu huu wetu.

Lakini ala haibaki na pasipoti ya kwao. Wabrazili waliichukua, wakaifanya sauti ya choro, muziki wao wa mijini. Waaljeria wakakuza mandola yao wenyewe kwa ajili ya muziki wa shaabi. Na sisi je? Taarabu ya Mombasa imeipiga mandolini miaka mingi, na hakuna mtu pale anayesema hiyo ni ya Napoli. Fidla je? Iko kwenye taarabu ya Unguja tangu zamani, na msikilizaji anaijua kama yake.

Jirani yetu Mganda, Justinian Tamusuza, alichukua kundi la fidla nne, kitu cha Ulaya kupita vyote, akaliandikia kwa mapigo ya Kiganda. Kronos Quartet, kundi la namna hiyo la Marekani, walirekodi utunzi huo katika albamu ya mwaka 1992 ya watunzi wa Afrika. Niliposikia zile fidla zinavyodonolewa na kupokezana, nilikaa kimya muda mrefu. Sitafuti kuwa Mtaliano, kaka. Natafuta nafasi ya kuandika kitu cha hapa kwa mbao na waya zinazoweza kukibeba.

---

Kipaza

Nimekuelewa mkuu. Hoja ya vimo nimeikubali. Nitasikiliza huyo Mganda.

---

Mbao na Gundi

Nipo Moshi, nakarabati magitaa, na mandolini nimeshazishika kadhaa. Nianze na lile gitaa lenu lililogeuzwa.

Urefu wa uzi wa gitaa unaolia, sentimita 65 hivi, unatosha kabisa kwa mandoselo. Kosa linalofanywa ni kuchukua nyuzi zile zile za gitaa na kulegeza ule mnene kutoka E hadi C. Unalegea kama kamba ya kuanikia nguo, hautoi sauti, unagonga vyuma vya shingo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida una unene wa elfu 53 au 56 za inchi. C ya mandoselo inataka kama elfu 74. Tafuteni seti ya mandoselo yenyewe, halafu mtanue mifereji ya kile kidaraja cha juu, mwisho wa shingo, vinginevyo uzi unakaa juu ya mfereji na kuruka. Gitaa lenyewe likiwa jepesi, wekeni nyuzi nne moja moja, msiweke jozi. Mvuto wa jozi nne unaweza kung'oa daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la ala. Sauti itapungua lakini ala itaishi. Jina lako litabaki nyuzi 28, samahani.

Mandolini, jambo moja ambalo limeshaniletea wateja wengi wenye huzuni. Daraja la mandolini ya kawaida halikugundishwa. Linashikwa na mgandamizo wa nyuzi tu. Ukitoa nyuzi zote kwa pamoja ili usafishe, linaanguka, na ukilirudisha kwa kukisia, ala nzima inaongopa: chini iko sawa, juu inapotoka. Badilisha jozi moja, ipande, ndiyo uende nyingine. Likishasogea, gusa uzi juu ya chuma cha 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ubane pale pale upige. Sauti mbili zikilingana, daraja liko mahali pake.

Nyuzi za mandolini mwisho wake ni kitanzi, za gitaa ni kipete. Mkikwama kabisa, chukueni nyuzi nyembamba za gitaa, toeni kile kipete taratibu kwa koleo, kinabaki kitanzi. Nimefanya mara nyingi.

Mbao sasa. Ubao wa vidole, mpingo, msihangaike na kingine. Ni mzito, unazama majini, na nyuzi za chuma haziuchimbi. Zumari za Ulaya, klarineti na oboi, zinachongwa kwa mpingo huu huu unaotoka kwetu na Msumbiji, halafu sisi tunaagiza ala zenye ubao wa vidole uliopakwa rangi nyeusi. Hilo linaniuma. Hapa Moshi marehemu Sebastian Chuwa alianza na mwenzake wa Marekani mradi wa kuupanda upya mwaka 1996, na miche mingi imepita mikononi mwa watoto wa shule. Uso wa ala unataka mti laini na mwepesi. Misonobari ya Ulaya hatuna, mimi natumia msipresi wa mashamba ya Magharibi mwa Kilimanjaro, uliopasuliwa mistari ikiwa wima, ukakaa darini zaidi ya mwaka. Una harufu nzuri na sauti yake inafunguka mapema. Mgongo, mninga au mkangazi.

Mandoselo sijawahi kuunda. Mandola nimeunda moja. Mkija na vipimo tutaongea.

---

Nyuzi 32

Fundi, umenipa zaidi ya nilichoomba. Ile C yetu ndivyo ilivyo, kamba ya nguo hasa. Mtu niliyemlipa kuligeuza gitaa alilegeza nyuzi tu na akanichaji kama ameunda jipya. Nitakutafuta. Kati ya Arusha na Moshi ni kilomita 80 na nimeshagundua nyuzi hazipendi safari hiyo: tunatoka kwenye baridi yetu, tunafika kwenye joto lenu, kila kitu kimeshashuka.

---

Mwalimu wa Solfa

Nami niko Moshi, upande wa Rau. Nafundisha kwaya mwaka wa 19 sasa. Nimesoma uzi wote nikatabasamu, na sehemu moja nimekataa.

Kwanza swali la kikazi. Mnaandika kwa nota gani? Nauliza kwa sababu solfa, ile nota ya doh, reh, mi, ndiyo tuliyonyonya wengi wetu, na ni hazina, ila ilitengenezwa Uingereza karne ya 19 kwa ajili ya kufundisha watu kuimba. Yale mapigo 12 yako, kuyaandika kwa nukta na koloni ni kumtia mtu kichaa.

Pili, ndipo ninapokataa. Umesema mandolini hazitaki kuandikiwa kama kwaya. Mimi nasema hukuisikiliza kwaya vizuri. Wimbo ukiwa na noti ya mapigo 16 na pumzi za watu ni za mapigo manane, tunafanya nini? Tunapokezana pumzi. Namwambia huyu avute kwanza kwenye pigo la 5, huyu la 7, huyu la 9, na kila anayerudi arudi kwa upole, asigonge. Msikilizaji anasikia noti moja ndefu ambayo hakuna mwanadamu mmoja aliyeiimba. Kwa hiyo zamu unazozisifia za mfongo na za Arusha Jazz zimo pia kanisani, zimejificha ndani ya noti ndefu.

Sehemu yako ya kipupwe ifanye hivyo. Chagua noti ambayo ala zote wanayo.

---

Nyuzi 32

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara tatu, na ya tatu nilikuwa nimesimama.

Nijibu la nota kwanza. Tunatumia nota za mistari mitano, ambako ufunguo ni ile alama ya mwanzoni inayosema mstari upi ni noti ipi. Mandolini zinasoma ufunguo wa G, mandola ufunguo wa C, mandoselo ufunguo wa F. Kaka wa mandoselo alikuja akijua solfa tu, kwa hiyo miezi ya mwanzo nilimwandikia silabi za solfa juu ya kila noti, na yale mapigo tuliyashika kwa mdomo kabla ya mkono. Sasa anasoma mwenyewe. Dada wa mandola ndiye aliyepata taabu, ufunguo wa C hakuwahi kuuona popote. Nilimshauri ahamie ufunguo wa G kama wafanyavyo vikundi vingi vya Ulaya, akakataa, akasema atajifunza wa kwake.

Sasa la noti. Nimekaa na karatasi. G ile iliyo chini ya C ya kati: kwenye mandolini ni uzi mnene kabisa, wazi. Kwenye mandola ni jozi ya pili kutoka chini, wazi pia. Kwenye mandoselo iko juu, jozi ya D, chuma cha 5. Noti ni moja, miili ni mitatu. Sikuwahi kuliona hili, na mimi ndiye ninayeziandikia.

---

Mwalimu wa Solfa

Marahaba. Angalizo moja: anayepokea asiingie kwa nguvu sawa na aliyetangulia alipoanza. Aingie kwa nguvu ya mwenzake *alipofikia*. Kwaya nyingi zinaharibu hapo.

---

Ngarenaro Usiku

Bado niko kambini. Jumamosi mtujulishe.

---

Nyuzi 32

Wakuu, nimerudi. Jana tumefanya.

Nilifuta kurasa mbili nzima za ile sehemu ya polepole nikabakiza G peke yake kwa vipimo 16. Mandola inaanza, wazi, piki karibu na shingo ambako sauti ni ya duara. Kabla haijafifia, mandoselo inaingia chuma cha 5, nene, kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. Kisha mandolini ya pili, kisha mimi, kisha inarudi mandola. Tremolo ipo mara moja tu, kwangu, fupi, kwenye kipimo cha 12.

Mara ya kwanza tuligonga kila tulipoingia, noti ikawa na makovu. Nikawasomea ujumbe wa Mwalimu kwenye simu. Kaka wa mandoselo akasema basi tusitazame karatasi, tutazamane, kila mtu amsikilize anayezimika. Tukaweka karatasi chini. Tulipiga mara nne au tano. Ya mwisho ndiyo ilikuwa yenyewe: noti moja ikizunguka sebule, ikibadilisha rangi, na kwa kweli sikujua wakati fulani ni nani anayepiga hadi nilipoangalia mikono. Jirani aliyeleta watoto alisimama mlangoni hakuingia.

Halafu mvua ikashuka juu ya bati na hatukusikia kitu tena. Tulikaa na ala mapajani hadi ikakatika, saa kumi na moja hivi, na hakuna aliyependekeza tufunge.

Mwalimu, nimekubali kuhusu kwaya. Tena nimechukua kile kipande changu cha A fleti kutoka kwenye droo. Nimekihamishia G na nimeanza kuzigawa noti ndefu kwa pumzi za kupokezana, kama unavyowafanyia waimbaji wako. Nimefika kipimo cha 9. Kuna mahali sauti ya tatu na ya nne zinataka kupokea kwa pamoja na sijaamua nani asubiri. Fundi, Alhamisi nakuja Moshi na gitaa. Mwalimu, ukiwa na nafasi nitapita Rau na karatasi hiyo.

---

Mwalimu wa Solfa

Njoo. Sauti ya nne isubiri. Mazoezi yetu ni saa kumi na moja, na besi zangu watapenda kuiona hiyo ala.